Kisa cha Reri: kutoka katikati ya uwanja hadi pembeni ya picha

Katika filamu ya Tabu, iliyotoka mwaka 1931, kuna ngoma moja ambayo kila nikiifikia nairudisha nyuma niitazame upya. Binti ametangazwa kuwa mwali mtakatifu. Hakuna mwanamume anayeruhusiwa kumgusa wala kumtazama kwa jicho la matamanio. Wazee wapo, ngoma zinapigwa, naye anatakiwa acheze. Anacheza. Mikono inakwenda, kiuno kinakwenda, ila uso umefifia kama taa iliyoishiwa mafuta. Mara kijana anayempenda anajitosa uwanjani na kuanza kucheza naye. Uso wa binti unawaka. Magoti, mabega, shingo, vyote vinaamka kwa pamoja, na kwa muda mfupi wawili wale wanacheza kana kwamba kijiji kizima kimewaachia uwanja. Kisha mzee mwenye amri anaizima ngoma.

Binti huyo ni Anna Chevalier, mzaliwa wa Bora Bora, kisiwa cha Pasifiki karibu na Tahiti, mwaka 1912. Dunia ilimjua kwa jina la Reri. Alionekana katika filamu tatu: Tabu, kisha Czarna Perła ya Polandi mwaka 1934, kisha The Hurricane ya Hollywood mwaka 1937. Katika ya kwanza, ukimtoa yeye hakuna filamu. Katika ya pili ni mwanamke wa kigeni aliyeletwa nchi ya baridi na baharia. Katika ya tatu inabidi ukaze macho ndipo umwone. Hayo yote yalitokea ndani ya miaka sita.

Wengi wanaomtaja hukifunga kisa chake haraka: msichana wa kisiwani alipata bahati, akapanda meli, akapenda, akaachwa, akarudi kwao. Simulizi za Warszawa, mji mkuu wa Polandi, huongeza baridi na pombe. Mimi sikubali kwamba maelezo hayo yanatosha. Tabia ya mtu haielezi kwa nini kila kazi aliyopewa ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia, wala kwa nini wenzake wa visiwa vile vile waliangukia shimo lile lile. Ninavyokisoma kisa hiki, waliomwajiri Reri waliitaka sura yake na hawakujua la kufanya na ngoma yake. Na ngoma ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Ngoma iliyowahi kupigwa marufuku

Msomaji wa Kiswahili akiliona jina la filamu hiyo hufikiri habari ya taabu. Neno lenyewe ni la Kipolinesia, tapu, na nahodha Mwingereza James Cook ndiye aliyelibeba kutoka Tonga mwaka 1777 hadi likaingia katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Kwetu sisi ni mwiko. Katika visiwa vile mwiko ulikuwa na uzito wa sheria: ulilinda maji fulani, chakula fulani, mtu fulani. Ngoma nayo ilikuwa na heshima yake. Kulikuwa na chama cha waabudu wa mungu Oro, walioitwa arioi, waliosafiri kwa mitumbwi kisiwa hadi kisiwa wakicheza na kuigiza, na kitovu cha ibada hiyo kilikuwa Taputapuatea, katika kisiwa cha Raiatea, jirani na Bora Bora.

Wamisionari wa London walitia nanga Tahiti mwaka 1797. Haukupita muda mrefu kabla ngoma haijaitwa dhambi, na sheria za mfalme Pomare II za mwaka 1819 zikaipiga marufuku. Ufaransa ilipoitwaa Tahiti kuwa koloni mwaka 1880, ngoma ilirudishiwa mlango mmoja mwembamba: sikukuu ya Wafaransa ya tarehe 14 Julai. Wenyeji wakaiita Tiurai, yaani Julai. Ngoma ya wahenga ikawa inachezwa hadharani ili kuisherehekea jamhuri ya watu wengine.

Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu watu wakimwona Reri kwenye filamu hudhani wanaona jambo lililozuka tu, kama jua na minazi. Wanachokiona ni ufundi ulionusurika miaka mia ya kukatazwa. Faarapu, ule mzunguko wa kasi wa nyonga ambao mabega hayatikisiki hata kidogo, haupatikani kwa siku moja. Miguu iko chini, visigino havinyanyuki ovyo, magoti yanafanya kazi kubwa isiyoonekana, na sketi ya nyuzi za magome ya purau inatafsiri kila pigo la toere, lile gogo lenye mpasuko linalopigwa kwa fimbo. Mchezaji na mpigaji wanaviziana. Mpigaji akibadili mdundo bila taarifa, mchezaji lazima awe ameshafika.

Mjerumani na mashua yake

Friedrich Wilhelm Murnau alikuwa tayari ni gwiji alipotua Tahiti mwaka 1929 kwa mashua yake ya matanga. Alikuwa ametengeneza Nosferatu kwao Ujerumani na Sunrise huko Hollywood, na alikuwa amechoshwa na mabosi wa studio. Alishirikiana na Robert Flaherty, Mmarekani aliyejulikana kwa filamu za watu wa barafuni na wa Samoa. Ushirikiano haukudumu. Flaherty alitaka kuonyesha maisha ya watu jinsi yalivyo. Murnau alitaka kusimulia hadithi ya mapenzi na mwiko. Kampuni iliyoahidi fedha haikuzileta, Murnau akaingiza mkono mfukoni mwake, akawarudisha kwao mafundi wa Hollywood na kuwafundisha wenyeji kazi zao. Kamera ikashikwa na Floyd Crosby, ambaye kwa filamu hiyo alipata tuzo ya Oscar ya upigaji picha.

Maandishi ya mwanzo wa filamu yanajigamba kwamba wanaoonekana ni wazaliwa wa visiwani, pamoja na machotara wachache na Wachina. Hilo lina maana kubwa kwa kisa chetu. Reri hakuwa amezungukwa na waigizaji wa kuajiriwa kutoka mbali. Alizungukwa na watu wanaoijua ngoma na wanaoyajua maji yale. Tena filamu ilikuwa ya kimya, ina muziki tu, bila mazungumzo. Hakuna aliyemtaka aseme Kiingereza. Alichotakiwa kukisema alikisema kwa mwili, na mwili wake ulikuwa na ufasaha.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mzee Hitu anakuja kumchukua Reri awe mwali wa visiwa. Matahi, mpenzi wake, anamtorosha hadi kisiwa chenye biashara ya lulu chini ya Wafaransa. Kijana ni mzamiaji hodari lakini hajui fedha ni nini. Siku ya furaha watu wanakunywa, karatasi zinaletwa, naye anatia sahihi bila kujua kwamba anaandika deni. Wakitaka kununua tiketi ya meli wakimbie mbali zaidi, deni linawazuia. Anazamia kwenye maji ya mwiko yanayolindwa na papa ili apate lulu ya kulilipa, na wakati huo Reri amekwisha kwenda na Hitu ili kuyaokoa maisha ya kijana. Matahi anaogelea kuifuata mashua, anaishika kamba inayoburuta majini, Hitu anaikata. Reri yuko chini ya ngama, kifuniko kimefungwa juu yake.

Sehemu ya lile deni inaniumiza kuliko ya papa. Murnau, mgeni mwenye mashua, aliona wazi kwamba kilichomwangamiza kijana wa kisiwani kilikuwa karatasi aliyoitia sahihi.

Tarehe 11 Machi 1931 Murnau alifariki California kutokana na ajali ya gari ya siku iliyotangulia. Tarehe 18 filamu ikafunguliwa New York. Mtu pekee katika biashara ile aliyewahi kumpanga Reri mbele ya kamera huku akiijua thamani yake alikuwa ameondoka, hata wiki mbili hazijapita.

New York, kisha Warszawa

Mwaka huo huo Reri alipandishwa jukwaani New York katika Ziegfeld Follies ya 1931, ya mwisho ambayo Florenz Ziegfeld aliiandaa mwenyewe. Maonyesho hayo yalikuwa na desturi ya kupanga wasichana warembo kama maua kwenye chombo. Ngoma ya Tahiti, hasa otea, ni kazi ya kundi: safu za wanaume na wanawake, na wapigaji wanaoongoza kila zamu. Ukimng'oa mchezaji mmoja kutoka kundini ukampeleka Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York, umebeba tawi ukaacha mizizi. Watazamaji wanapiga makofi, ila hakuna hata mmoja wao anayejua pale alipokosea wala pale alipopatia.

Angalieni pia jina. Reri ni jina la mhusika wa Tabu. Alilibeba jukwaani New York, akalibeba Ulaya, na hata mwaka 1937 bado liko hivyo hivyo katika orodha ya waigizaji. Kwa waajiri alibaki kuwa yule msichana wa ile filamu, na msichana wa ile filamu hakuruhusiwa kukua.

Katika ziara ya Ulaya alifika Polandi, akakutana na Eugeniusz Bodo, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa sinema za nchi hiyo. Bodo alikuwa mtoto wa wenye sinema. Baba yake Mswisi alikuwa na ukumbi wa Urania mjini Łódź, na mwana alipoanzisha kampuni yake aliipa jina hilo hilo. Walipendana, wakaishi pamoja, na Warszawa yote ikawa inawazungumzia. Sina sababu ya kumfanya Bodo kuwa mwovu wa kisa hiki. Alimtengenezea filamu nzima, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya baada ya Murnau.

Filamu hiyo ni Czarna Perła, maana yake Lulu Nyeusi, iliyoongozwa na Michał Waszyński. Bodo ni baharia wa Kipolandi, Reri ni Moana wa Tahiti anayepelekwa Polandi. Moana maana yake ni bahari kuu. Filamu ni ya sauti, kwa hiyo sasa mcheza ngoma anatakiwa aseme na aimbe Kipolandi, lugha ambayo hata Wazungu wenzao huikimbia. Wimbo aliopewa ulitungwa muziki na Henryk Wars, fundi mkubwa wa nyimbo wa zama zile, na unaitwa Dla ciebie chcę być biała. Tafsiri yake: kwa ajili yako nataka kuwa mweupe.

Nimeusikiliza wimbo huo mara kadhaa. Sauti ya Reri ni nyororo, matamshi yanamponyoka hapa na pale, na muziki ni mtamu hasa, mtamu kiasi kwamba unaweza kuupita bila kuyasikia maneno. Lakini kaa nayo. Miaka mitatu tu nyuma, binti huyu alikuwa katikati ya uwanja wa kwao, na kosa pekee lililomfika lilikuwa la kupenda alipokatazwa. Hakuna aliyemwona ana kasoro ya kuzaliwa nayo. Sasa anasimama mbele ya kamera na kuimba, kwa lugha ya kukariri, kwamba angependa kuivua ngozi yake. Nyimbo za mapenzi zimejaa watu wanaojitolea kufa au kuvuka bahari kwa ajili ya mpenzi. Hapa alitakiwa ajitolee asiwe yeye, na watu walilipa kiingilio kwenda kulisikia hilo kama pambo la filamu. Naamini waliotunga hawakukusudia ubaya. Ndiyo maana linatisha: lilipita mbele ya macho ya watu wengi wema na hakuna aliyeshtuka.

Mapenzi yao hayakudumu. Waliachana, Reri akaondoka Polandi. Bodo mwenyewe alikamatwa na polisi wa siri wa Kisovyeti mjini Lwów mwaka 1941, na pasipoti yake ya Uswisi, ambayo ingedhaniwa ndiyo kinga, ikamponza: msamaha uliotolewa kwa Wapolandi haukumhusu. Alikufa kambini Kotlas, kaskazini mwa Urusi, Oktoba 1943.

Kimbunga

The Hurricane ya John Ford ndiyo inayonipa ushahidi mkubwa kuliko wote. Ni hadithi ya visiwa vya Kusini mwa Pasifiki. Shujaa wa kike, Marama, ni binti wa kisiwani. Na katika orodha ya waigizaji yumo mwanamke aliyezaliwa Bora Bora, aliyewahi kuibeba filamu nzima iliyopata Oscar, bado kijana wa miaka 25. Nafasi ya Marama akapewa Dorothy Lamour wa New Orleans. Mpenzi wake akachezwa na Jon Hall, Mmarekani ambaye angalau alikulia Tahiti. Reri akapata sehemu ndogo nyuma yao.

Sehemu kubwa ya kijiji ilijengwa studioni Hollywood, na ziwa lake la kuchimba. Inaelezwa kwamba dola 150,000 zilitumika kukijenga na 250,000 kukibomoa kwa upepo na maji, na tufani hiyo bado inastaajabisha hadi leo. Kwa kubomoa kijiji cha bandia fedha zilikuwepo. Mwenye kijiji cha kweli alikuwepo hapo hapo, mbele yao, na kazi kubwa haikuwepo.

Kwa haki, mlango haukuwa umefungwa kabisa. Mwaka 1935, katika Mutiny on the Bounty, Mamo Clark wa Hawaii alicheza Mtahiti mkabala na Clark Gable. Tofauti ni kwamba Mamo alizungumza Kiingereza tangu utotoni. Kando yake, Mtahiti wa pili alichezwa na Movita, mwenye asili ya Meksiko. Na mwaka 1937 huo huo Hollywood ilimpa Mjerumani, Luise Rainer, nafasi ya mke wa mkulima wa Kichina katika The Good Earth, ingawa Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye wazazi wenye asili ya China, alikuwepo na aliitamani. Rainer akarudi na Oscar mkononi.

Kwa hiyo naona mambo mawili yaliyomkuta Reri kwa pamoja. La kwanza, sauti. Aliingia katika sinema mlangoni pale pale ambapo filamu za kimya zilikuwa zinatoka kwenda zake. Mwaka wa pili ufasaha wake wa mwili ulikuwa hauna soko, na lafudhi yake ikawa kikwazo. La pili, biashara iligundua kwamba inaweza kuuza visiwa bila watu wa visiwani. Sketi ya magome ilishafahamika, maua ya masikioni yalishafahamika, mkao wa mikono ulishafahamika kijuujuu. Akivishwa vitu hivyo msichana wa New Orleans, watazamaji wa Ohio hawataona tofauti. Tabu ndiyo iliyowazoesha macho. Reri alisaidia kujenga soko ambalo kisha halikumhitaji.

Miaka thelathini baada ya Murnau kutua, kamera zilirudi. Tarita Teriipaia, naye mzaliwa wa Bora Bora, naye mcheza ngoma, alichukuliwa kuigiza mkabala na Marlon Brando katika Mutiny on the Bounty ya pili, iliyotoka 1962. Ni filamu yake pekee. Aliishi na Brando, akazaa naye watoto, na dunia ikaendelea kumtaja kama sehemu ya maisha ya Brando. Kisiwa kimoja, ufundi mmoja, mlango mmoja ulioachwa wazi kwa muda ule ule mfupi.

Baada ya The Hurricane Reri hakuonekana tena kwenye sinema. Alirudi Tahiti. Mwaka 1956, yeye akiwa na miaka 44, Madeleine Moua aliunda kikundi cha Heiva na kuirudisha ngoma jukwaani kwa heshima, wachezaji wake wakifunzwa kama mafundi. Reri alifariki Tahiti mwaka 1977. Murnau, Ziegfeld, Bodo, Flaherty, Waszyński, Ford: aliwazika hao wote.

Paramount ilipoitoa Tabu mwaka 1931 iliondoa vipande ilivyoviona si vya heshima, vikiwemo vya wanawake waliokuwa vifua wazi. Nakala iliyokarabatiwa baadaye imevirudisha, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukiipata, ifuate ile ngoma tangu uso wake ulipofifia hadi Matahi anapoingia, na umtazame kiunoni, pale sketi inapoanza kujibu mdundo. Murnau alielekeza mengi katika filamu ile. Hilo hakulifundisha yeye.